Mkanda Uliobaki Chini ya Barafu

Alizaliwa wapi sijui, na baba yake sikumjua. Hayo kaulizeni ndugu zake. Ninachokijua mimi ni ile miaka aliyokuwa akiingia dukani kwangu Chikongola, hapa Mtwara, bila hodi, anapita nyuma ya meza kama mtu wa nyumbani, anafunua friji langu na kupachika mikanda yake ya picha katikati ya barafu na juisi za ukwaju. Mji mzima ulimwita Fundi Picha. Mimi nilimwita Fundi, yeye akaniita Mama Barafu. Hatukuwa na udugu wala jambo jingine lolote la kutuunganisha isipokuwa friji.

Mimi nimeishia darasa la nne. Duka hili nimelijenga kwa barafu, mfuko mmoja mmoja, na hakuna mwanamume aliyeninunulia hata bati moja. Watu wa hapa wananijua kwamba neno likifika kinywani silimezi. Nimeshamwambia diwani mbele ya wapambe wake kwamba suruali yake imechanika nyuma. Lakini kuna neno moja nililikalia miaka tisa. Mikanda sita ya Fundi iliharibikia mikononi mwangu. Yeye akadhani kamera yake ndiyo mbovu, na kwa dhana hiyo akaiacha kazi aliyoijua akashika nyingine. Nalisema mapema ili unisome ukijua, usije ukaniona mwema.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja, mitaa miwili kutoka kwangu. Nyuma ya kiti cha wateja alitundika pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na pembeni yake ndege mweupe mwenye shingo ndefu ambaye sijapata kumwona Mtwara hata siku moja. Hapo alipiga picha za pasipoti, za maharusi, za watoto waliokalishwa kwenye mkeka wakilia. Alizipiga vizuri, lakini uso wake wakati huo ulikuwa kama wa mtu anayesubiri zamu hospitali.

"Mtu akijua anapigwa picha anajitengeneza," aliniambia. "Nchi haijitengenezi."

"Na lile pazia lako je? Si nchi hiyo?"

"Lile ni la kunilisha, Mama. Usinicheke."

Nilimcheka. Mtu mwenye chuki na picha za uongo, na ukutani kwake maporomoko ya rangi ya bluu. Lakini ndivyo alivyokuwa. Alisema hapendi watu kwenye picha, ila msiba ukitokea mtaani yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alisema hana haraka, na saa ya mkononi aliitazama mara kwa mara mpaka ukaona aibu kuendelea kuongea naye.

Kazi aliyoiita kazi ni kupiga nchi. Mashamba ya chumvi yakiwa meupe saa sita mchana. Mikoko maji yakishatoka, mizizi yote nje. Na zaidi ya yote, pale Ruvuma inapoingia baharini. Kila mwaka, msimu wa korosho, kabla mvua hazijaanza, alifunga baiskeli yake nyuma ya pikapu ya abiria akaenda huko siku nne au tano. Alikuwa na kisiki chake, kisiki cha mkoko uliokatwa zamani, akaweka pale miguu mitatu ya kamera na kupiga upande uleule, maji yakiwa katika kina kilekile. Mwaka hadi mwaka. Mimi nikamwambia huo ni wazimu.

"Fundi, si ulishaupiga mto huo mwaka jana?"

"Mwaka jana haukuwa huo."

Na kweli. Ukiziweka picha zake pamoja unaona mto unavyohama. Fungu la mchanga lililokuwa kushoto linakuja katikati, mwaka unaofuata halipo kabisa. Ukingo unaliwa. Nilijua hayo bila kwenda, kwa sababu kodi yake ya friji hakunilipa kwa pesa. Kila mwaka alinisafishia picha moja kubwa ya mlango wa mto, akampa seremala aiwekee fremu, akaja kuitundika mwenyewe dukani kwangu. Mimi nilikuwa napigilia msumari mapema, nikimsubiri. Wateja walikuja kununua barafu wakasimama kubishana ukutani, huyu anasema pale ni kwa mjomba wake, yule anasema mjomba wako hana hata mkorosho mmoja.

Kamera yake ya wakati huo ilikuwa nzito kama tofali, ya kizamani, na mgongoni ilikuwa na kitundu chenye kioo chekundu. Humo alisoma namba zilizoandikwa kwenye karatasi inayofunga mkanda, ajue amefika picha ya ngapi. Mkanda mmoja ulikuwa na picha kumi na mbili tu. Kwa hiyo alisubiri. Nilimwona siku moja ufukweni Shangani, watu wanatembea kupunga upepo, yeye amesimama anatazama wingu. Nikaenda nilikokwenda, nikarudi, bado anatazama wingu lilelile.

"Umepiga ngapi?"

"Bado."

"Tangu saa tisa?"

"Halijakaa sawa."

Hofu yake ilikuwa joto na unyevu. Mtwara ina vyote viwili. Mikanda aliagiza Dar, na masika barabara ikikatika hakuna kinachofika, kwa hiyo alinunua ya kutosha mapema, na nyumbani kwake joto lingeimaliza. Ndiyo akaja kwangu. Friji langu ni lile la kulala, lenye mfuniko juu, na yeye alikuwa na kopo la biskuti lililokaa kona ya chini, mbali na maji. Hakuwahi kunisalimia kwa shikamoo wala habari za asubuhi. Salamu yake ilikuwa moja.

"Umeme upo?"

Ukimwambia upo, anashusha mabega. Ukimwambia umekatika, anakaa juu ya kreti la soda, mkono juu ya mfuniko wa friji, kama mtu aliyeshika paji la uso la mgonjwa. "Usifungue, Mama," anasema. "Usifungue hata kidogo." Nami nauza barafu! Nilimwambia ahamie na kitanda chake.

Sasa lile jambo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Ramadhani imeangukia Desemba, joto la kukausha ulimi. Kabla ya mwezi kuandama, Fundi aliletewa salamu kutoka mtoni. Mwenyeji wake kule alikuwa Mzee Amade, mzee wa Kimakua, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni. Shamba lake la mikorosho lilikuwa ukingoni kabisa, na ndani ya shamba palikuwa na kaburi la mkewe. Salamu zilisema: ukingo unapasuka, njoo upige kabla ya masika, baadaye huenda kusiwe na cha kupiga.

Fundi akaenda na mikanda sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alirudi amekonda, macho mekundu, lakini anacheka. Nilimwona akicheka mara chache sana.

"Nimelipata lote, Mama. Shamba, nyumba, kaburi, mpaka kisima. Mzee kanitembeza mti kwa mti."

"Kasafishe basi tuone."

"Dawa za kusafishia zimeisha. Zinakuja na gari la Dar."

Gari la Dar halikuja. Mvua ziliwahi, barabara ikakatika. Mikanda ikabaki kwenye kopo, kopo kwenye friji langu, na Ramadhani ikaingia.

Wewe unayejua Ramadhani ya joto hunihitaji nikueleze. Tangu saa nane mchana foleni inafika barabarani. Mtaa mzima wanataka maji ya baridi ya kufuturia. Friji likawa dogo. Nikalitazama lile kopo la biskuti limekaa konani kama mfalme, nikasema, wewe, toka kidogo. Asubuhi nikalitoa nikaliweka dirishani nyuma ya duka. Baada ya futari, friji likiwa limepungua, nikalirudisha. Kesho yake hivyohivyo. Mwezi mzima hivyo. Niliona nafanya kwa akili sana, maana kila Fundi alipopita usiku, futari imeshakwisha, anafunua, analiona kopo lake mahali pake, anakwenda zake ameridhika.

Dawa zilifika baada ya Idi. Siku ya tatu akaingia dukani na mikono inayonuka dawa, hata "umeme upo" hakusema. Alikaa juu ya kreti.

"Kamera inavuja, Mama."

Akaniinulia mkanda mmoja dhidi ya mwanga. Palikuwa na mto, nikautambua. Angani juu ya mto palikuwa na namba. Nne, tano, sita, zimesimama juu ya mawingu kama zimechapwa, na madoadoa kama ngozi ya mtu aliyeugua tetekuwanga. Mikanda yote sita hivyo.

"Ni kile kitundu chekundu," alisema. "Kioo kimechoka, mwanga umepita ukazichapa namba kutoka kwenye karatasi. Sikukikagua. Miaka yote hii, na sikukikagua."

Nikauliza, na najua kwa nini niliuliza, nilitaka aseme yeye ili nisiseme mimi.

"Haiwezi kuwa unyevu?"

Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto.

"Unyevu utoke wapi? Si ilikuwa kwako?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa hapa, kooni. Mteja akaingia kutaka soda, nikaenda kumpa soda.

Masika ile mto ulilichukua shamba la Mzee Amade. Lote. Yeye akahamia kwa mwanawe, ndani zaidi, na mvua zilipopungua akaja mjini. Alifika kwangu kwanza kwa sababu studio ilikuwa imefungwa. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kabeba mfuko wa korosho za kubangua. Alikaa barazani pangu tangu saa nne mpaka adhuhuri, akaisikiliza adhana, akaswali msikiti wa jirani, akarudi kukaa.

"Nimekuja kuchukua kaburi la mke wangu," aliniambia, akacheka kidogo kwa jinsi lilivyosikika. "Picha yake. Na za miti. Wajukuu wananiambia, babu, ulikuwa na shamba kweli au unatutania?"

Fundi alikuja. Nilisimama nyuma ya meza yangu nikasikia yote. Hakujitetea. Alisema, "Mzee wangu, nimeharibu. Kamera ilikuwa mbovu na mimi sikuiangalia." Mzee Amade alitikisa kichwa polepole, muda mrefu.

"Hata moja?"

"Hata moja, baba."

"Si ulisema umelipata lote?"

Mzee akamwachia korosho zake hata hivyo, akaaga. Mimi nikampa maji ya baridi ya njiani. Maji ya baridi! Ndicho nilichokuwa nacho.

Mwaka ule msumari wangu ulibaki mtupu. Sikuung'oa. Watu wakawa wanatundika kofia.

Baada ya hapo Fundi alianza kuitilia shaka kamera ile kama mume anayemchunguza mkewe. Alibandika utepe mweusi kwenye kitundu. Akapiga mkanda mmoja wa majaribio, ukatoka safi. Akasema, bahati tu. Wa pili ukatoka safi. Akasema, inanidanganya. Mwishowe akaifungua yote juu ya meza ya studio, skrubu moja moja, vioo, springi, akatafuta palipooza. Hakupaona. Alipotaka kuirudisha haikurudi. Alikusanya vipande vyote akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo akaliweka mahali ambapo alilazimika kuliona kila alipoingia.

Miaka kadhaa hakwenda mtoni. Alipiga pasipoti mbele ya ndege wake mweupe, basi. Mto ukaendelea kuhama bila mtu wa kuutazama. Hilo nalo ni langu.

Kisha mpwa wake wa Dar akamletea kamera ya dijitali. Fundi aliishika kwa vidole viwili.

"Hii ni sabuni," alisema.

Kweli, ilikuwa kama sabuni ya kuogea, ya rangi ya fedha. Aliiweka kwenye droo mwezi mzima. Siku moja nikamkuta Shangani ameinama, anaitazama tumboni. Anapiga, anainama kutazama kioo. Anapiga, anainama. Vijana wa kwenye ukuta wakamwonea.

"Fundi! Siku hizi unapiga picha kitovu?"

Akapiga tena, akainama. Mimi nilielewa. Yule aliyekuwa anasubiri wingu kwa saa tatu bila kubonyeza, sasa hakuweza kubonyeza bila kuangalia kama imetoka. Alirudi mtoni, na alikuja na picha mia tatu za siku moja. Mia tatu! Nilimuuliza ipi nzuri. Akasema hajui, lakini zote zipo.

"Zipo, Mama. Nimeziona zipo."

Nisimkosee haki. Alijifunza. Mzee wa umri ule alikaa kwenye duka la kompyuta karibu na soko, pembeni ya binti ambaye angeweza kumzaa, akimwambia "nionyeshe tena, mwanangu" mpaka binti akawa anacheka akimwona mlangoni. Alijifunza kuunganisha picha saba ziwe moja, na kwa mara ya kwanza akaupata mlango wa mto wote, upande wa huku na upande wa Msumbiji, kwenye karatasi moja ndefu. Ile ipo ukutani kwangu juu ya mlango, maana haikuenea kwingine. Upande wa kushoto mvua inakuja juu ya maji, unaiona kabisa inavyotembea. Akaniambia kwa kamera ya zamani asingethubutu, angekuwa anahesabu picha zilizobaki. Alisema hivyo akiwa na furaha, halafu furaha ikamtoka usoni.

"Lakini mto wa ile mikanda sita sina."

Na hofu haikumwisha, ilibadili nguo tu. Akaogopa kadi ya kamera itakufa. Akaogopa kompyuta itaingia virusi. Kila picha aliiweka kwenye sidii tatu, moja nyumbani, moja kwa mpwa wake wa kike Ziwani, nje ya mji, na ya tatu, mnisamehe nikicheka, akaileta kwangu.

"Fundi, hii nayo inaoza?"

"Sijui, Mama. Ndiyo maana naileta."

Nikaweka sidii kwenye friji. Nani mimi wa kubisha? Niliifunga nailoni tatu. Na wakati naipanga, mkono wangu ukagusa kitu chini kabisa, chini ya barafu. Mkanda mmoja. Mpya, haujapigwa, umo kwenye karatasi yake ya kiwandani. Alikuwa ameuacha alipoondoa mingine. Nikamwonyesha. Akautazama, akaniambia, "Huo usiniulize," akaurudisha palepale.

Tangu siku ile sijapata kuutoa. Ramadhani zimekuja na foleni zake, Idi zimekuja, harusi, mkutano wa chama watu wanataka barafu za ndoo. Mkanda haukutoka. Umeme ukikatika nilikuwa siuzi, nakaa juu ya mfuniko. Watu wakasema Mama Barafu siku hizi ana kiburi. Ninacho, lakini si hicho.

Alipofunga studio, macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akahamia Ziwani kwa mpwa wake yule. Mwaka mmoja baadaye wakaingia dukani kwangu watu wawili wa ofisi, vijana wenye adabu, wakasimama mbele ya ukuta wangu bila kununua kitu. Walikuwa wanafuatilia ukingo wa mto umeliwa kiasi gani na walitaka picha za zamani. Nikawaelekeza Ziwani. Nilidhani namfanyia jema. Wakarudi kesho yake wakiwa wanyonge.

"Amekataa, mama. Anasema zote zimepigwa na kamera mbovu, hawezi kutoa ushahidi wa kamera mbovu."

"Lakini mnaziona hapa ukutani. Zina ubovu gani?"

"Tumemwambia. Anasema ilianza kuvuja lini hajui, kwa hiyo haiamini hata moja."

Juma lilelile mpwa wake alikuja kununua barafu ya msiba, na katika maongezi akasema, bila kujua anasema nini:

"Mjomba kaniagiza, siku ya kuchoma majani ya mikorosho nichome na yale masanduku ya picha. Anasema yanakula nafasi."

"Unachoma lini?"

"Kesho, Mungu akipenda. Wenzangu wanakuja kunisaidia saa kumi."

Nilipima barafu yake vibaya, nikampa zaidi. Miaka yote aliyosimama kwenye kile kisiki ilikuwa inakwenda motoni kwa sababu ya mfuniko wangu mmoja na mdomo wangu mmoja.

Kesho yake saa nane nilifunga duka. Nikachukua chupa ya barafu yenye mdomo mpana, nikaijaza barafu, nikautia ule mkanda katikati ukiwa ndani ya nailoni, nikapanda pikipiki. Kijana wa pikipiki akaniuliza mbona naikumbatia chupa kama mtoto mchanga. Nikamwambia atazame mbele.

Fundi alikuwa nyuma ya nyumba, kakaa kwenye kigoda, sahani ya ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, imepoa mbele yake. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe. Mbele yake, hatua kama ishirini, rundo la majani makavu, na kando ya rundo masanduku manne ya mbao. Mpwa wake alikuwa anasogeza majani kwa reki.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mama Barafu."

"Umeme upo?"

"Nimeuacha upo." Sikukaa. Nilijua nikikaa nitakula ming'oko na kuongea habari za watu. "Fundi, kamera yako haikuvuja."

"Nani kasema?"

"Mimi. Ile mikanda sita niliitoa mimi. Nilitaka nafasi ya juisi."

Hakushtuka. Aligeuza kichwa upande wa jicho zima.

"Ukaiweka wapi?"

"Dirishani, nyuma ya duka."

"Jua linapiga?"

"Asubuhi linapiga."

"Ikiwa ndani ya kopo?"

"Ndani ya kopo."

"Kisha unairudisha kwenye baridi."

"Baada ya futari."

"Siku ngapi?"

"Mwezi mzima."

Niliona midomo yake inatembea, anahesabu kitu, kama alivyokuwa akihesabu dakika za dawa.

"Ilitoka jasho," alisema. "Kila siku ikitoka jasho. Karatasi ikalowa, wino wa namba ukahamia kwenye picha. Si mwanga. Haukuwa mwanga." Halafu akasema, taratibu, si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira: "Amade amekufa akinijua mzembe."

Mimi nimezoea kuwa na neno. Nilisema "Nisamehe" na likasikika dogo, kama mtu aliyekukanyaga sokoni.

Aliingia ndani kwa kupapasa, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akalitikisa. Skrubu zikalia.

"Nilikuwa natafuta kosa humu," alisema. "Nimempasua mtu mzima mwenye afya."

Mpwa wake alikuwa ameacha reki, kiberiti mkononi, anatutazama. Fundi akamsemesha bila kugeuka.

"Masanduku yarudi ndani."

"Mjomba, si ulisema..."

"Juu ya kitanda changu. Siyo chini. Chini kuna unyevu."

"Utalala wapi?"

"Wewe yarudishe. Na wale wa ofisi wakija tena, uniite."

Nikafungua chupa nikampa mkanda. Aliutoa kwenye nailoni, akausogeza karibu na jicho lake zima mpaka ukagusa kope, akasoma tarehe ya kiwandani.

"Umeshapita wakati wake."

"Basi haufai?"

"Unafaa, kama ulikaa kwenye baridi siku zote." Akanitazama. "Ulikaa?"

"Ulikaa. Wallahi ulikaa."

"Ramadhani zote?"

"Ramadhani zote, Fundi."

Aliugeuza mkononi mara mbili. Nilidhani atautia kwenye lile kopo, na vipande. Badala yake akaufunga tena nailoni kwa uangalifu, akautia kwenye chupa katikati ya barafu kwa mkono wake mwenyewe, akakaza kifuniko mpaka kikalia.

"Kaurudishe," alisema. "Safari hii usiutoe."

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Nilipanda pikipiki nikamwambia kijana akimbie, barafu ilikuwa inayeyuka, nilisikia maji yanacheza chupani kila tukipita shimo.

Nilipofika Chikongola umeme ulikuwa umekatika. Nilifunua friji mara moja, nikauzika mkanda chini kabisa, nikafunika, nikakaa juu ya mfuniko. Wateja wakaja. Nikawaambia leo halifunguliwi. Wakanung'unika, mmoja akatoa kofia yake msumarini akaondoka amekasirika. Mama mmoja akabaki amesimama na ndoo yake, ananitazama nilivyokaa.

"Kwani humo kuna nini, Mama Barafu?"

"Kuna mali ya mtu," nikamwambia.